Mercurius au Hercules? Isis au Mithras? Ungekuwa Roma ya kale ungeenda kwa mungu yupi

Watu wengi wakianza kusoma habari za miungu ya Warumi wanaanzia kwenye ile listi, Jupiter mfalme, Juno mkewe, Neptunus wa bahari, Mars wa vita, Venus wa mapenzi, unamaliza listi na bado hujui mtu wa kawaida pale Roma alikuwa anampelekea nani shida zake. Muuza mafuta ya zeituni, au mama mwenye mimba ya miezi nane, au mtumwa wa jikoni, hakuwa na muda wa kubishana nani mkubwa huko juu. Alikuwa anapiga hesabu: nina shida hii, nina hela hii, wapi wananiruhusu kuingia. Kwa hiyo mimi nimewapanga kwa shida, shida moja miungu wawili watatu, na nasema wazi mimi ningeenda wapi, ukiona nimepotoka ni sawa tu, hata wao walikuwa wanabishana.

Kwanza sheria za mchezo maana bila hizi huwezi kuchagua. Dini ya Warumi ilikuwa nipe nikupe, tena bila aibu. Unaweka nadhiri: mungu fulani, ukinirudisha salama nitakuchinjia ndama. Ukirudi salama unachinja, alafu kama una uwezo unachongesha jiwe lenye herufi nne mwishoni, VSLM, yani nadhiri imetimizwa kwa hiari na mungu alistahili, mawe ya hivyo yameokotwa kuanzia Uingereza mpaka Syria. Usiporudi salama hakuna deni. Pili, hakuna wivu, unaweza kuwa na mungu wa duka, mungu wa shamba na mungu wa jino linalouma, na wote wakakaa kimya. Tatu, gharama. Kwa kawaida mungu wa kiume anachinjiwa dume, wa kike jike, wa mbinguni mnyama mweupe, wa chini ya ardhi mweusi, na ng'ombe si bei ya kila mtu, asiye nacho alitoa ubani, tone la mvinyo, andazi la unga na chumvi, na ilipokelewa. Nne, ukikosea maneno ya sala au mpiga zumari akinyamaza katikati, mnaanza upya, na kuanza upya ni gharama tena.

Jupiter au Lares wa nyumbani kwako

Hapa naenda haraka maana jibu liko wazi. Jupiter Optimus Maximus ana hekalu kubwa juu ya kilima cha Capitolium, Warumi wenyewe walisema lilizinduliwa mwaka 509 KK, mle ndani anakaa na Juno na Minerva. Liliungua 83 KK, likaungua tena 69 BK, likajengwa, likaungua tena 80 BK, ngurumo na radi ni zake lakini moto ulimshinda. Huyu ni mungu wa serikali. Jenerali akishinda vita anapanda kwake kwa maandamano, konsuli, yani mmoja wa viongozi wawili wakuu wa mwaka, akianza kazi anamchinjia. Wewe na deni lako la kodi ya chumba, Jupiter hakujui.

Na kuwa karibu naye ni adhabu. Kuhani wake maalumu, yule Flamen Dialis, haruhusiwi kupanda farasi, haruhusiwi kuona jeshi limejipanga, asiwe na fundo lolote kwenye nguo, asiguse mbuzi wala nyama mbichi wala maharage, hata kuyataja ni mwiko, miguu ya kitanda chake inapakwa tope, asilale nje ya kitanda hicho usiku tatu mfululizo, na mke wake akifa kazi imeisha. Ndo maana baada ya 87 KK kiti kile kilikaa wazi miaka zaidi ya 70 mpaka Kaisari Augustus alipotafuta mtu.

Na Jupiter ukimdharau inakula kwako. Mwaka 249 KK kamanda Publius Claudius Pulcher alikuwa Drepana kule Sicilia, kabla ya vita wanawaangalia kuku watakatifu, wakila vizuri Jupiter amekubali. Kuku wakagoma. Jamaa akawatupa baharini, akasema kama hawataki kula basi wanywe. Akapoteza meli 93.

Lares sasa, hawa ni walinzi wa nyumba, kila nyumba ina kijisehemu chao ukutani, ukienda Pompeii leo, ule mji wa Italia uliofukiwa na volkano, utaviona vingi, vijana wawili wanacheza ngoma wameshika pembe ya kunywea na chini nyoka mnene anafuata chakula. Gharama ni ubani kidogo, maua, na tonge lililotoka mezani. Kijana akifikia utu uzima anawavulia hirizi aliyovaa toka utotoni. Wanakujua wewe, wanaijua familia yako. Mtu wa kawaida aanze na Lares, Jupiter amuachie konsuli, hapa hata sijafikiria mara mbili.

(Kuna watu wanapenda kwenda mbali zaidi, mlango mmoja tu una miungu watatu, Forculus wa ubao, Cardea wa bawaba, Limentinus wa kizingiti. Augustino wa Hippo, yule askofu wa Afrika ya kaskazini, aliwacheka sana, akasema nyumba moja inawekewa bawabu mmoja na anatosha, kumbe miungu inatakiwa mitatu. Ukweli hapo aliwapatia.)

Biashara: Mercurius au Hercules

Hii ndo mechi ninayoipenda mimi, maana wote wawili ni wa wafanyabiashara lakini tabia zao mbingu na ardhi.

Mercurius hekalu lake lilizinduliwa 495 KK karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Circus Maximus, na hata uzinduzi ulikuwa na kisirani, makonsuli wawili waligombania nani azindue, suala likarudishwa kwa wananchi, wananchi kwa hasira wakampa heshima hiyo akida wa jeshi, Marcus Laetorius, ili tu kuwakomoa wakubwa. Sikukuu yake ni tarehe 15 Mei. Siku hiyo mfanyabiashara anaenda kwenye chemchemi karibu na lango la Porta Capena, anachota maji, anachovya tawi la mlaureli, ananyunyizia bidhaa zake na nywele zake mwenyewe. Alafu anaomba. Ovidius mshairi kaiandika ile sala kwenye shairi lake la kalenda, na si sala ya kistaarabu hata kidogo: nisafishie uongo wangu wa zamani, viapo vya uongo nilivyoapa kwa jina lako au kwa jina la Jupiter visihesabike, na nipe faida mpya, na nipe raha ya kumpiga mteja maneno. Na Mercurius anacheka tu huko juu, si aliiba ng'ombe wa Apollo mwenyewe akiwa mtoto.

Ovidius alikuwa mtu wa utani, kwa hiyo usiichukue kama risiti ya hekaluni. Lakini utani unachekesha pale tu watu wanapojua soko lilivyo.

Hercules ni mwingine. Madhabahu yake kubwa, Ara Maxima, iko soko la ng'ombe, Forum Boarium, pale kando ya mto Tiber ambapo mizigo inashuka. Yeye anataka fungu la kumi. Ukipata faida sehemu moja ya kumi inaenda kwake, na inaenda kama karamu, nyama inapikwa na inaliwa siku ile ile, hakibaki kitu. Maana yake fungu la kumi lako linalisha watu wa soko zima, wanakuona, wanajua fulani mwaka huu mambo yamemnyookea. Huyo ni mungu na tangazo la biashara kwa bei moja. Ila wanawake hawaruhusiwi kwenye madhabahu yale, na mwanamke mwenye biashara Roma alikuwepo, kwa hiyo mwanamama hapa mchezo umeshaamuliwa, Mercurius.

Kuna kisa cha zamani cha Marcus Octavius Herrenus, alikuwa mpiga zumari akaacha akaingia biashara, mambo yakamnyookea, akatoa fungu la kumi kwa Hercules. Baadaye yuko baharini maharamia wakamvamia, akapigana nao akawashinda, na usiku akaota Hercules anamwambia ni mimi niliyekuokoa, akaomba kiwanja serikalini akamjengea hekalu. Na hapo hapo kando ya Tiber mpaka leo limesimama hekalu la duara la marumaru ambalo wataalamu wengi wanasema ni la Hercules, miaka zaidi ya 2,000, ukifika Roma hutozwi hata senti kulitazama kwa nje.

Mimi ningefanya hivi: kama biashara ni ya kuzunguka, mtaji mdogo, leo vitambaa kesho vitunguu, Mercurius, hakubani, maji ya chemchemi ni bure. Kama una ghala na meli na wateja wa kudumu wanaotaka kujua wewe ni mtu wa ahadi, Hercules, hiyo asilimia kumi inarudi. Ukijaribu ujanja wa Mercurius kwa Hercules utaumbuka, maana yule watu walikuwa wanaapa kwa jina lake kutwa nzima.

Umeibiwa: Sulis Minerva wa Bath au Mercurius wa Uley

Hii iko Uingereza, enzi za utawala wa Warumi, na ndo sehemu ambayo unasikia sauti za watu wa kawaida kabisa. Mji wa Bath una chemchemi ya maji moto, mungu wa wenyeji alikuwa Sulis, Warumi walipofika wakamuunganisha na Minerva wakaendelea. Watu wanakuja kuoga, wanavua nguo, wakitoka joho halipo. Polisi hakuna. Kwa hiyo unachukua kibao chembamba cha risasi, ile metali laini, unaandika malalamiko, unakikunja, unakitupa kwenye chemchemi. Wachimbaji wametoa vibao kama 130 hivi. Mmoja wa Docilianus analalamika joho lake lenye kofia limeibiwa, aliyeiba awe mwanamume au mwanamke, mtumwa au huru, mungu amfishe, na asimpe usingizi wala watoto sasa na siku zijazo mpaka alirudishe lile joho hekaluni. Kifo kwa ajili ya joho. Baridi ya Uingereza lakini, labda tusimhukumu.

Uley iko kaunti ya Gloucestershire, hekalu la Mercurius juu ya kilima, wateja wake ni wakulima. Honoratus anasema amepoteza magurudumu mawili ya mkokoteni, ng'ombe wanne na vitu vidogo vidogo vingi kutoka nyumbani kwake. Na kuna Saturnina, mwanamke aliyeibiwa kitambaa cha kitani, huyu ndo nampenda kuliko wote. Kibao chake kwanza kiliandikwa jina la mungu mwingine, Mars Silvanus, alafu likaandikwa Mercurius juu yake. Yani dada kafika katikati ya barua kabadilisha mungu. Na anaahidi sehemu ya tatu kwa mungu kama kitambaa kitarudi, hiyo ni kamisheni sio sadaka.

Kuchagua hapa ni jambo la ulichoibiwa. Nguo bafuni, Sulis, kwa sababu mwizi labda bado yuko mjini anaoga maji yale yale na anajua vibao vinatupwa humo, hofu inafanya kazi. Mifugo, Mercurius, mwenyewe mwizi wa ng'ombe anajua njia wanazopita.

Uzazi na ugonjwa

Juno Lucina ana hekalu Roma kwenye kilima cha Esquilinus tangu 375 KK. Kwenda kwake unafungua mafundo yote, nywele zinaachiwa, maana kitu kikifungwa mwilini mtoto naye anafungwa. Kuna mapokeo kwamba kila mtoto akizaliwa Roma sarafu moja inawekwa kwenye sanduku lake, eti mfalme Servius Tullius ndo aliyeanzisha ili ajue idadi ya watu, kama ni kweli basi ni ofisi ya vizazi na vifo kabla ya ofisi yenyewe. Tarehe 1 Machi ni siku yake, waume wanawapa wake zao zawadi.

Diana yuko mbali, ziwa la Nemi, kusini mashariki ya Roma, safari ya kutwa kwa miguu. Tarehe 13 Agosti wanawake wanatoka mjini na mienge wanaenda kumlipa nadhiri zao, na pale yamefukuliwa matumbo ya uzazi ya udongo wa kuchoma, na akina mama na watoto wachanga wa udongo. Kuna kitu kimoja cha ajabu, kuhani wa Nemi ni mtumwa mtoro, na aliipata kazi kwa kumuua aliyemtangulia, kwa hiyo anazunguka msituni na upanga mkononi akingoja atakayemuua yeye. Suetonius, mwandishi wa maisha ya maKaisari, anasema Kaisari Caligula aliona kuhani wa wakati wake amekaa sana akamtafutia mtu mwenye nguvu zaidi. Mjamzito wa miezi nane sitamwambia aende huko. Anayetafuta mtoto na bado hajapata, Nemi, ana muda na miguu. Aliyekaribia, Juno Lucina, uko mjini na sarafu moja.

Kwa ugonjwa mwingine ni Apollo au Aesculapius na sioni mashindano. Apollo aliletwa kama mganga, hekalu lake la 431 KK lilitokana na nadhiri ya wakati wa tauni, lakini Apollo ni wa tauni ya mji mzima. Aesculapius anatibu mtu mmoja mmoja. Warumi walimfuata Ugiriki, Epidaurus, baada ya tauni nyingine ya 293 KK, nyoka wake akapanda meli, walipofika Roma akaruka akaogelea mpaka kisiwa cha mto Tiber, wakajenga hapo hapo 291 KK. Unalala hekaluni, unaota, makuhani wanatafsiri ndoto. Ukipona unaleta mfano wa kiungo kilichopona, mguu, jicho, mkono, wa udongo tu, bei ya mtu yeyote, na maelfu ya hivyo yametoka kwenye ule mto. Kulikuwa na tabia mbaya, mabwana walikuwa wanawatupa watumwa wagonjwa pale kisiwani kukwepa gharama za kuwatibu, mpaka Kaisari Claudius akaamua mtumwa aliyetupwa akipona yuko huru harudi kwa bwana. Kisiwa kile kina hospitali mpaka leo.

Askari: Mars au Mithras

Mars ni wa jeshi rasmi. Kuna karatasi ya mafunjo iliyopatikana Dura-Europos huko Syria, kalenda ya kambi ya miaka ya 220 BK, tarehe 1 Machi Mars Baba Mshindi anachinjiwa fahali. Wewe askari wa mstari wa nyuma unasimama, unasikiliza, nyama kidogo ikifika ni bahati. Mars unampata bure kwa sababu umesajiliwa jeshini, na si wa vita tu, wakulima wa zamani walimwomba alinde mashamba, kwenye kitabu cha kilimo cha Cato, mwanasiasa wa Roma wa zamani, ile sala ipo na inaambatana na nguruwe, kondoo na fahali wakizungushwa shambani.

Mithras ni kitu kingine, ni jando la watu wazima. Pango dogo, au chumba kilichojengwa kama pango, mabenchi pande mbili, watu 20 au 30, mbele kuna picha ya Mithras anamchoma kisu fahali. Madaraja saba, unaanza Kunguru unamalizia Baba, pale Ostia bandari ya Roma kuna sakafu ya nakshi ya vijiwe inayoonyesha alama za madaraja yote saba kama ngazi. Kinachofanyika ndani hakisemwi nje. Wanakula pamoja, na wanakula haswa, Tienen kule Ubelgiji walichimba mabaki ya karamu moja wakakuta mifupa ya kuku mamia. Mtumwa na akida wanakaa benchi moja, maofisa wa ushuru nao wamejaa humo, na ukihamishwa kutoka mto Danube mpaka ukuta wa Hadrian kule Uingereza utakuta pango lingine na watu wanaojua ishara zako.

Kasoro ni moja na kubwa, wanawake hakuna. Mke wako, mama yako, hawana nafasi kabisa.

Mars huchagui, unaye tayari. Swali ni kama unaongeza Mithras, na kwa kijana wa miaka 20 aliyepelekwa mahali pa baridi asipojua mtu, mimi nasema aongeze hata leo.

Wanaotaka zaidi ya nipe nikupe: Isis, Magna Mater, Bacchus

Bacchus mtoe kwanza. Mwaka 186 KK seneti ilisikia mikutano yake ya usiku, wanaume kwa wanawake, ikaingiwa na hofu, msako ukapigwa Italia nzima, mwanahistoria Livius anasema waliohusishwa walizidi 7,000 na waliouawa walikuwa wengi kuliko waliofungwa. Ile amri yenyewe tunayo, kibao cha shaba kilichopatikana Calabria 1640, sasa kiko Vienna: wasizidi watu watano, wanaume wawili na wanawake watatu, na kuzidi hapo ni lazima ruhusa ya seneti, maseneta waliohudhuria wasipungue 100. Baadaye mambo yalilegea, ila nani anataka ibada yenye kibali cha mkutano.

Magna Mater, mama mkubwa kutoka Asia Ndogo, aliletwa rasmi 204 KK kama jiwe jeusi kwenye meli wakati Hannibal, jenerali wa Karthago adui wa Roma, bado yuko Italia, hekalu lake likawa tayari 191 KK kwenye kilima cha Palatinus, mahali pa heshima kabisa. Michezo yake ya Aprili ni raha tupu. Lakini makuhani wake wanajihasi wenyewe, serikali ikashtuka ikakataza raia wa Roma kuingia kwenye ukuhani huo. Kwa hiyo unamwalika mgeni, unamjengea jumba, alafu unawaambia watoto wako wasiende chumbani kwake. Nenda kwenye michezo, angalia maandamano, rudi nyumbani.

Isis ndo wa kweli hapa. Katoka Misri, wanaume na wanawake, watumwa na matajiri, wote ndani, ibada kila siku asubuhi na jioni, makuhani wamenyoa vichwa na kuvaa kitani. Mabaharia ni watu wake, tarehe 5 Machi wanamsukumia merikebu baharini kufungua msimu, na Berenike, ile bandari ya Misri kwenye Bahari ya Shamu ambayo meli zake zilitajwa kushuka mpaka Rhapta kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki, hekalu lake lipo. Serikali ilimsumbua pia, mwaka 19 BK Kaisari Tiberius kwa sababu ya kashfa alibomoa hekalu, akawasulubisha makuhani, sanamu ikatupwa mtoni, lakini vizazi viwili tu mbele maKaisari wenyewe wanamjengea.

Na Isis anapandisha watu. Pompeii baada ya tetemeko la 62 BK hekalu lake lilianguka, likajengwa upya kwa gharama ya Numerius Popidius Celsinus, mtoto wa miaka sita. Miaka sita. Baba yake alikuwa mtumwa aliyeachiwa huru, mwenye hela ila sheria inamzuia kuingia baraza la mji, mtoto hazuiwi, baba akalipa kwa jina la mtoto na baraza likamwingiza mtoto bila ada. Jiwe lenye maandishi hayo lipo.

Tatizo lake ni bei. Kuingizwa kwenye siri zake ni siku kumi bila nyama wala mvinyo, na pesa nyingi. Apuleius, mwandishi wa karne ya pili kutoka Madauros, Algeria ya leo, kwenye riwaya yake mhusika anaingizwa mara ya kwanza, alafu Roma anaambiwa kuna ya pili ya Osiris, mume wa Isis, anauza mpaka nguo zake, alafu kuna ya tatu. Wasomaji wengine wanasema Apuleius alikuwa anakebehi, mimi naona alikuwa anakebehi na anaamini kwa pamoja, inawezekana. Ushauri wangu: ibada ya asubuhi ya Isis hailipiwi, kaa hapo. Siri ngoja mpaka uwe na akiba.

Na kama wewe ni mtumwa

Hii wengi hawaigusi na ndo ilikuwa hali ya watu wengi sana. Sikukuu kubwa ni Saturnalia kuanzia 17 Desemba, bwana na mtumwa wanakula pamoja, kamari inaruhusiwa, lakini hiyo unapewa na bwana na anaichukua tena wiki ikiisha. Diana wa kilima cha Aventinus, 13 Agosti, ni mapumziko ya watumwa, sawa. Fors Fortuna, mungu wa bahati, 24 Juni, ndo yenye raha, watu wanashuka mto Tiber kwa mashua zilizovishwa maua, wanakunywa mchana kweupe, na hekalu lake ilisemekana limejengwa na yule yule Servius Tullius, mfalme aliyezaliwa na mama mtumwa, kwa hiyo watumwa na masikini walimwona wa kwao.

Lakini kwa mwaka mzima mimi ningeshika Lares wa njia panda. Cato, ambaye hakuwa mtu wa huruma, alisema msimamizi wa shamba, naye mtumwa, asitoe kafara yoyote bila amri ya bwana, isipokuwa kwenye jiko la nyumba au njia panda siku ya Compitalia, sikukuu ya hao Lares wa njia panda. Njia panda hapo, watu wa kwetu hawahitaji kuelezwa kwa nini pana wenyewe. Usiku wa kuamkia sikukuu kwenye kibanda chao yananing'inizwa mafungu ya sufu, kwa kila mtu huru wa nyumba ile mwanasesere, kwa kila mtumwa mpira wa duara usio na sura. Dharau iko wazi pale, mpira hauna uso. Ila umehesabiwa, na baada ya kuning'iniza anayeongoza ibada ile, kwenye mashamba mengi, ni huyo msimamizi mtumwa, bwana akiwa mjini.